Daftari Moja, Kalamu Mbili

Hakuna mashine iliyowahi kumshinda Bi Bisibisi. Aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe, Jumatatu saa mbili asubuhi, akiwa amepiga magoti mbele ya kabati la televisheni, na kabla mate hayajamkauka akajirekebisha: ukiacha hii hapa, na ukiacha pasi iliyomuunguza kidole, na ukiacha saa ya ukutani ambayo tangu aitengeneze inakwenda kinyumenyume. Lakini inakwenda.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Kwa miaka thelathini alikuwa ametengeneza vyerehani katika kibanda cha mabati karibu na stendi, na jina la Bisibisi alipewa na wateja. Macho yalipoanza kuona sindano mbili penye moja, alifunga kibanda, akachukua godoro na sanduku la vifaa, akahamia kwa kaka yake.

Kaka huyo watu walimwita Karani, kwa kuwa alikuwa karani wa masijala kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu ukarani haukustaafu naye. Barua ikifika nyumbani aliigonga muhuri wa IMEPOKELEWA ndipo aifungue. Ukimwambia mvua imenyesha wiki nzima, atakwambia siku tano, na ya tano ilikuwa manyunyu.

Mtu wa tatu katika nyumba ile alikuwa binti wa Karani, muuguzi wa miaka ishirini na saba, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa vyombo vichafu. Yeye ndiye aliyenunua ile mashine. Ilikuwa kompyuta ndogo isiyo na kioo, saizi ya boksi la viatu, ambayo fundi wa simu wa mtaa wa pili aliiita seva. Ndani yake kulikuwa na filamu mia nane na kumi na mbili, na video sitini na nne za familia zilizotolewa kwenye kanda za zamani. Ukitaka kutazama kitu, unawasha televisheni, unachagua kwenye orodha, na seva inakuletea. Orodha yenyewe ilitoka kwenye daftari lililo ndani ya mashine, ambalo fundi wa simu aliliita databesi. Daftari likiharibika, filamu zote zipo lakini hakuna anayejua ziko wapi, kama nyumba ambayo mama ndiye aliyepanga kabati na mama amesafiri.

Daftari lilikuwa likiharibika kila siku alasiri.

"Mara kumi na saba sasa," Bisibisi alisema kutoka sakafuni.

"Kumi na nane," Karani alisema nyuma ya gazeti. "Jumapili ulikuwa umelala."

Jambo lenyewe lilikuwa na haraka. Jumamosi Muuguzi alikuwa anahama kwenda kufanya kazi katika hospitali ya mji wa mbali, safari ya siku mbili, na alitaka nakala ya video moja tu. Katika video hiyo alikuwa na miezi kumi na mmoja, anatembea kutoka kwenye kiti hadi kwenye ndoo, anaanguka, na nyuma ya kamera mtu anacheka. Mchekaji haonekani. Alikuwa mama yake. Kicheko kile, sekunde tisa, ndicho kitu pekee cha mama alichokuwa nacho.

Mama huyo aliondoka mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu. Karani alikuwa na maelezo yake, na miaka yote aliyatoa kwa maneno yale yale, kama barua yenye kumbukumbu namba: "Alitoka na sanduku moja la bluu. Hakugeuka nyuma. Hakurudi hata siku moja." Miaka miwili iliyopita ilikuja barua kwamba amefariki katika mji mwingine. Karani aliigonga muhuri.

Bisibisi, ambaye wakati ule alikuwa na kibanda chake mbali, alimuuliza kaka yake mara moja tu yaliyotokea kati yake na mkewe. Alipojibiwa, hakuuliza tena. Kuuliza mara ya pili kulikuwa na nauli, na kazi ilikuwa nyingi. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na alijua kutengeneza maneno kama alivyojua kutengeneza vyerehani: yanashona, ila ukiyavuta sana yanafumuka.

Basi, Jumatatu hiyo alishughulika na umeme. Umeme ukikatika ghafla mashine ikiwa katikati ya kuandika, daftari huchanika. Alifunga betri ya akiba kati ya seva na ukuta, akachomoa waya wa ukutani kwa makusudi, na seva ikaendelea kupumua kama si yenyewe iliyochomolewa. Bisibisi akajipongeza kwa sauti. Saa kumi na moja jioni daftari lilikuwa limeharibika.

Jumanne alibadilisha diski. Alimpigia fundi wa simu akaja na diski mpya, akaisukuma mahali pake, akaipima, akasema ile ya zamani ilikuwa nzima kama yai.

"Mama, mimi nadhani ni kumbukumbu," fundi akasema, akionyesha vijiti viwili vya kijani ndani ya mashine.

"Yangu au yake?"

"Yake, mama."

"Ya kwangu ndiyo mbovu zaidi, lakini endelea."

Wakabadilisha vijiti. Kisha wakarudisha daftari kutoka kwenye nakala ya wiki iliyopita, nayo ikawa imeharibika. Wakarudisha ya mwezi uliopita, ikafanya kazi mpaka saa kumi. Fundi alikunja waya zake, akasema pengine mashine ina jini, akaondoka.

"Jini gani anafanya kazi kwa saa za ofisi," Bisibisi alimwambia mgongoni.

Kilichomsumbua ni kwamba uharibifu wenyewe ulikuwa nadhifu. Daftari lililoharibika huwa halina adabu: herufi zimerundikana, filamu ya vita imebeba jina la harusi ya jirani. Hayo yalikuwepo. Lakini pembeni ya kila video ya familia, ya kuzaliwa, ya shule, ya jino la kwanza kung'oka, palikuwa na mstari uliosomeka vizuri: Mama yuko nje ya mlango. Kwa herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni. Diski mbovu haiweki nukta.

Jumatano alifanya kile ambacho angefanya tangu mwanzo kama si kiburi. Alifungua kumbukumbu za mashine, yale maandishi madogo ambamo seva hujiandikia kila inachofanya, akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akasoma kwa kidole. Mashine ilieleza bila kuficha. Kila siku saa kumi kamili seva hulifungua daftari ili iandike video mpya. Saa kumi na dakika nne mtu mwingine hulifungua daftari hilo hilo na kuandika ndani yake. Mtu huyo hakuwa na jina wala nywila, na hakutoka kwenye simu yoyote ya nyumbani.

"Ehee," Bisibisi alisema.

Hapo alielewa ugonjwa, ingawa bado hakumjua mgonjwa. Daftari moja, kalamu mbili, kwa wakati mmoja: huyu anaandika mstari wa tatu, yule naye wa tatu, na mwisho hakuna mstari wa tatu. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Wakati wa vyerehani aliwahi kuona wanawake wawili wakishona gauni moja kutoka pande mbili, na bibi harusi akaenda kanisani na mkono mmoja.

Saa kumi ilikuwa saa yake ya kulala. Siku hiyo hakulala. Alijitengenezea chai, akaketi kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Karani alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, gazeti limesimama mbele ya uso.

Saa kumi na dakika nne mwanamke mmoja alitokea upande wa kabati, kama mtu anayetoka jikoni, ingawa jikoni kulikuwa upande wa pili. Alivaa koti la mvua la rangi ya kahawia na viatu vya kufunga kamba. Alijifuta viatu mahali pasipo na zulia la kujifutia, akavuta kiti cha meza ya chakula, akaketi mbele ya kabati na kuanza kuandika. Hakuwa na kibodi. Aliandika juu ya mapaja yake, vidole vyote kumi, haraka, na taa ya seva ikawa inapepesa kwa kila herufi.

Bisibisi alimaliza funda la chai alilokuwa nalo mdomoni.

"Kaka, kuna mtu amekaa pale."

"Naona."

"Ni mkeo."

"Alikuwa mke wangu," Karani alisahihisha.

"Ameanza kuja lini?"

"Tarehe tatu mwezi huu. Siku ya kwanza alichelewa, alifika na robo."

"Na hukuniambia? Wiki nzima nimepiga magoti kama nimeolewa na kabati!"

"Hukuniuliza kuhusu watu," Karani alisema. "Uliniuliza kuhusu umeme."

Gazeti lilipanda juu kidogo. Bisibisi akageuka kushughulikia jambo la mashine, kwa kuwa hilo alilijua. Alisogea karibu na yule mwanamke. Baridi ilikuwa ikitoka kwenye koti, ya kiasi, kama ya jokofu lililofunguliwa na mtu asiye na hakika anataka nini.

"Wifi," alisema. "Karibu. Pole na safari. Lakini unaniharibia kazi."

Mwanamke aliinua uso. Alikuwa amezeeka kuliko siku alipoondoka, na nywele zilikuwa zimekatwa fupi. Bisibisi alimwonyesha kwenye kioo cha televisheni jinsi kalamu mbili zilivyogongana: hapa mashine, hapa wewe, hapa matapishi. Mwanamke aliweka mkono mdomoni kama mtu aliyegundua kwamba muda wote amekuwa akikanyaga mguu wa jirani. Akasimama akae pembeni.

"Kaa, kaa," Bisibisi alisema. "Nani kakufukuza? Nitakupa daftari lako."

Ilimchukua dakika ishirini. Alitengeneza faili jipya, tupu, mbali na databesi, akairudisha databesi yenyewe kutoka kwenye nakala ya mwezi uliopita na kuizuia isifunguliwe na mtu asiye na jina. Alitoa kibodi ya zamani uvunguni, akapangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akaichomeka. Herufi M ilikuwa imelegea. Alieleza kwamba M lazima ibonyezwe kwa nguvu. Mwanamke aliitikia kwa kichwa, akaketi, akaandika taratibu mpaka saa kumi na moja, akasimama, akarudisha kiti mahali pake na kuondoka kwa upande ule ule wa kabati.

Orodha ya filamu iliwaka yote, mia nane na kumi na mbili, kila moja na jina lake.

"Nimewaambia," Bisibisi aliwaambia kochi, kabati na gazeti. "Hakuna mashine."

Muuguzi aliporudi kutoka kazini jioni alikuta chakula mezani na shangazi yake anang'ara.

"Seva imepona," Bisibisi alisema. "Tatizo alikuwa mama yako."

Muuguzi aliweka mkoba chini. "Bado yupo?"

"Ameondoka saa kumi na moja. Kesho atakuja saa kumi na dakika nne. Vaa sweta."

Muuguzi aliosha mikono kwa muda mrefu, kama waoshavyo wauguzi. Kisha alimpigia mwenzake simu, akabadilishana zamu.

Alhamisi waliketi wote watatu. Mwanamke alitokea, akajifuta viatu, akamwona binti yake kwenye kochi na sweta la kijivu, miguu imebanwa pamoja kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile, cha sekunde tisa, na Muuguzi aliyejua kila kipande chake alikihesabu mpaka mwisho kabla hajautazama uso.

"Shikamoo mama," alisema.

Mama alimgusa paji la uso kwa kiganja, kama anayepima homa, akaridhika, akaenda kuketi kwenye kibodi. Aliandika. Wafu hawapendi kukatizwa wakishaanza kazi, na huyu alikuwa na kurasa nyingi.

Muuguzi alimgeukia baba yake. "Baba."

"Naam."

"Sitaki ugomvi. Jumamosi naondoka. Nataka kujua jambo moja tu, alirudi kunitafuta au hakurudi? Kama hakurudi, basi. Nimeishi nalo miaka yote, nitaendelea kuishi nalo. Lakini kama alirudi, nataka niende nalo huko ninakokwenda."

"Alitoka na sanduku moja la bluu," Karani alisema. "Hakugeuka nyuma. Hakurudi hata siku moja."

Kibodi ilinyamaza kidogo. Halafu ikaendelea, na M ikasikika imebonyezwa kwa nguvu.

"Kaka," Bisibisi alisema, "mwenyewe yupo hapa. Ukisema uongo mbele yake inakuwa utovu wa adabu."

"Nimesema ninachokijua."

"Hukumfungia mlango?"

"Mlango wa nyumba hii unafungwa kila siku. Ndiyo kazi ya mlango."

Bisibisi alimkagua kutoka juu mpaka chini. Alikuwa amefungua mashine za kila aina na kuona mbwembwe zote za chuma, lakini kaka yake hakuwa na parafujo hata moja iliyokaa nje. Kwa mara ya pili katika maisha yake alikuwa amemuuliza, akiwa amechelewa miaka ishirini na mitano, na nauli haikuwa hata kikwazo tena.

Tangu juma hilo daftari halijaharibika tena. Yule wifi huja mpaka leo, saa kumi na dakika nne, isipokuwa siku ambazo hakuna umeme, akaketi akaandika mambo yake, na aliyepo sebuleni humsogezea kiti. Mwenye duka la jirani akija kurudisha bakuli humsalimia na kupita. Karani angali analala chumba kikubwa, nyumba ingali kwa jina lake, na hajamwomba mtu yeyote radhi, aliye hai wala aliyekufa. Muuguzi huleta zawadi mbili akija likizo, na moja si ya baba.

Lakini Ijumaa ya juma lile Muuguzi alikuwa bado hajaondoka. Mabegi yake mawili yalikuwa kwenye korido. Video ya kiti na ndoo ilikuwa imenakiliwa kwenye diski ndogo, naye ameivaa shingoni kwa uzi. Mama aliandika mpaka saa kumi na moja kasorobo, akainua mikono kwenye kibodi, akanyoosha vidole kama mfumaji aliyemaliza fundo la mwisho. Alimtazama binti yake, akaonyesha kioo cha televisheni, akaenda zake upande wa kabati mapema kuliko kawaida.

Bisibisi alilifungua lile faili. Lilikuwa na kurasa thelathini na mbili.

"Soma wewe," alimwambia Muuguzi. "Mimi nitaona mama wawili."

Muuguzi alisoma kwa sauti yake ya kazini, ile ya kusomea majina ya dawa. Kurasa za mwanzo zilikuwa orodha: mtoto alivyokuwa akipenda kulala na kidole cha mama sikioni, wimbo wa kumnyamazisha, jinsi alivyoogopa kuku. Kisha mama alieleza siku ya sanduku la bluu. Hakuondoka; sanduku lilitolewa nje kwanza, yeye akafuata kulichukua, na mlango ukafungwa nyuma yake. Muuguzi aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akaendelea.

Karani alikuwa kwenye kiti chake. Tangu mwanzo wa kusoma hakuwa amegeuza ukurasa wa gazeti, na Bisibisi aliliona hilo, lakini si kitu cha kumpeleka mtu mahakamani.

"'Nilirudi kukuchukua,'" Muuguzi alisoma. Sauti ya dawa ilimtoka, ikabaki yake. "'Nilirudi mwezi wa pili. Ulikuwa na surua, nilikusikia ukilia chumbani. Nilirudi mwezi wa tano na gauni lenye mifuko. Nilirudi siku uliyotimiza miaka mitatu. Niligonga, sikufunguliwa. Mara tatu nilikuja, mwanangu, mara tatu—'"

"Nne," Karani alisema.

Muuguzi aliacha kusoma.

"Mara nne," gazeti lilirudia, kwa ukali wa mtu aliyeletewa faili lenye kasoro. "Ameiruka ya tarehe kumi na tisa mwezi wa nane. Aligonga kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita na robo, na mwavuli akausahau barazani."

Mashine ilikuwa inavuma polepole chini ya kabati, nzima kabisa. Gazeti lilibaki limesimama pale lilipokuwa. Hakuna aliyemuuliza alikuwa upande gani wa mlango.